Siku ya Sikukuu Kwenye Bustani ya Michezo: Kupima Foleni, Kufunga Mtambo na Kuwatoa Watu Salama

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha bustani za michezo Kampala, Entebbe, Jinja, Mbarara na kwingineko Uganda, pamoja na wale wanaokodisha kasri za hewa za kurukia watoto kwenye viwanja vya shule na vya makanisa. Siku za kawaida kazi ni nyepesi. Taabu huja siku ya Idi, Krismasi, tarehe 26 Desemba, Jumatatu ya Pasaka na Mwaka Mpya. Karibu nusu ya wananchi wa Uganda wako chini ya miaka 18, na siku hizo ni kama wote wamedai kupelekwa mahali pamoja.

Umati hauwi hatari kwa wingi wake tu. Unakuwa hatari pale watu wasipojua kinachoendelea, kisha wote wakaelekea kwenye njia moja nyembamba. Karibu kila hatua iliyomo humu inalenga mambo hayo mawili.

Idadi ya watu huamuliwa na milango ya kutokea

Wengi hupanga idadi ya juu kwa kuangalia ukubwa wa nyasi, au tiketi zilizochapishwa. Hilo ni kosa. Anza na milango ya kutokea.

Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo unaotumika Uingereza unakadiria kwamba mita moja ya njia tambarare hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika, na kwenye ngazi 66. Unataka pia watu wawe wametoka ndani ya dakika 8. Hizo ni hesabu za washabiki wa mpira. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na mfuko wa chakula hatembei hivyo. Kwa familia, tumia 60.

Tuseme una mlango wa mita 3 na mwingine wa mita 2. Fanya hesabu kana kwamba ule mkubwa umezibwa, kwa sababu moto au ajali ikitokea, inaweza kutokea hapo hapo. Unabaki na mita 2: mara 60, mara dakika 8, ni watu 960. Hiyo ndiyo idadi yako, hata kama uwanja ungemeza 3,000. Sasa vunja kipande cha ukuta, uweke mlango wa tatu wa mita 3. Ukiondoa mmoja wa mita 3 unabaki na mita 5, na watu wanakuwa 2,400. Hakuna mtambo mpya utakaokuongezea nafasi kama lango hilo, wala ulio rahisi kama hilo.

Pima upana pale njia inapobana kabisa. Lango la mita 3 lenye kibanda cha rolex (chapati ya mayai) upande mmoja na bodaboda zimeegeshwa upande wa pili ni lango la mita moja na nusu. Milango ifunguke kwa nje. Kufuli na minyororo vining'inie ofisini tangu mtu wa kwanza anapoingia hadi wa mwisho anapotoka; mlinzi aliyekwenda kula na ufunguo mfukoni amefunga mlango huo.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, pale Freedom City kwenye Barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa kwenye msongamano wakati wa fataki za Mwaka Mpya, watoto na vijana miongoni mwao. Kitu chochote kinachowaita watu wote kwa dakika moja, kama fataki, msanii maarufu au zawadi zinazorushwa kutoka jukwaani, kinahitaji mpango wake wa njia. Kama huna mpango huo, kiondoe kwenye ratiba. Usimruhusu mshereheshaji awaite watu upande wowote kabla hajapata ruhusa ya msimamizi wa umati.

Langoni, wakati wa kuingia

Pima kwa saa ya simu muda anaochukua askari kumkagua mtu mmoja. Ukaguzi ukichukua sekunde 10, njia moja hupitisha watu 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Ukitarajia watu 1,200 katika saa ya kwanza unahitaji njia 4, maana 3 zitakuacha na mstari barabarani. Weka askari wa kike katika angalau nusu ya njia hizo, la sivyo akina mama watalundikana mbele ya askari mmoja.

Malipo ya simu yawe na dirisha lake. Mtandao ukisuasua, mteja mmoja anayengoja ujumbe wa kuthibitisha anaweza kuwasimamisha 30 wenye noti mkononi. Bei iwe namba isiyohitaji chenji: shilingi 10,000 au 5,000, siyo 8,500. Dirisha la fedha taslimu lianze siku likiwa na bunda la noti za 1,000, 2,000 na 5,000.

Mtoto avishwe ukanda wa karatasi mkononi, na namba ya simu ya mzazi iandikwe upande wa ndani usioonekana. Anayeingia na anayetoka wahesabiwe kwa kihesabu cha kubonyeza, na kila nusu saa namba ipelekwe kwa msimamizi. Ukifika asilimia 85 ya idadi yako, acha kuuza tiketi. Walioko njiani na walioko mstarini ndio watakaojaza hiyo 15 iliyobaki.

Foleni hupimwa

Uwezo wa mtambo kwa saa ni watu wa mzunguko mmoja mara mizunguko ya saa hiyo. Muda wa kungoja ni watu walioko mstarini kugawa kwa uwezo huo. Basi. Wanaokosea hapa mara nyingi wameamini namba iliyobandikwa na kiwanda.

Chukua magari ya kugongana: magari 12, kila moja la watu 2, mchezo dakika 3, kushuka na kupanda dakika 3. Mzunguko mmoja ni dakika 6, kwa hiyo ni mizunguko 10 kwa saa. Kwenye karatasi utapata watu 240. Uwanjani, watoto wengi hupanda peke yao. Ukihesabu utakuta wastani wa mtu mmoja na nusu kwa gari, yaani watu 180 kwa saa. Wakiwa 90 mstarini, wa mwisho atangoja dakika 30. Magari mawili yakiharibika, uwezo unashuka hadi 150 na kungoja kunafika dakika 36.

Dawa ipo kwenye zile dakika 3 za kushuka na kupanda. Zifanye 2, na mizunguko inakuwa 12 kwa saa, watu 216, kungoja dakika 25. Mchezo wenyewe usiufupishe. Mzazi aliyelipa huhisi ameibiwa, na ana haki. Fanya hivi:

1. Fimbo ya kupima kimo iwe mwanzoni mwa mstari, siyo kwenye ngazi za mtambo. Mtoto aliyengoja nusu saa kisha akaambiwa ni mfupi atalia, mzazi atabishana, na mtambo utasimama.
2. Wa mzunguko unaofuata wahesabiwe na kutengwa mapema ndani ya kizuizi, wakiwa wameshakata tiketi na kuvua kofia na kandambili.
3. Wanaoshuka watoke upande wa pili. Wanaoshuka na wanaopanda wakikutana kwenye ngazi moja, dakika moja imepotea.
4. Mhudumu mmoja afunge mikanda, mwingine aihakiki. Kuhakiki hakuharakishwi, hata mstari ukifika barabarani.

Kujua watu walioko mstarini bila kuwahesabu kila mara, piga alama ya rangi kwenye uzio kila mita 5. Hesabu mara moja watu wanaokaa kati ya alama mbili, mfano 10, na tangu hapo mhudumu anasoma mstari kama rula. Mstari uwe wa kupinda-pinda, upana wa mita moja, na kila kona iwe na upenyo wa kumtoa anayejisikia vibaya.

Kisha hakikisha kwa kadi. Kila dakika 20, mpe mtu wa mwisho kadi iliyoandikwa saa aliyoipokea, aikabidhi anapopanda. Disney wametumia kadi nyekundu za namna hiyo kwa miaka mingi, na hapa kipande cha boksi kinatosha. Kadi ikisema 35 wakati hesabu yako inasema 25, basi mizunguko imepungua au kuna watu wanaingizwa pembeni. Nenda kaangalie.

Andika muda kwa chaki kwenye ubao ulio mwanzoni mwa mstari, ukipandisha hadi tano iliyo juu: 26 iandikwe 30. Aliyeambiwa 30 akangoja 26 huondoka ameridhika. Aliyeambiwa 20 akangoja 26 atakuita mwongo mbele ya watoto wake. Ubao usiobadilishwa tangu asubuhi ni bora ufutwe.

Kuhusu wageni wa heshima na marafiki wa mwenye bustani: wakiingizwa mbele, kila gari walilochukua limetoka kwa mtu aliyesimama juani. Kama lazima wawepo, watengewe mzunguko maalumu kabla ya kufungua saa nne asubuhi.

Kufunga mtambo

Mwendeshaji yeyote awe na mamlaka ya kusimamisha mtambo bila kumuuliza mtu, na asikaripiwe hata ikionekana baadaye kwamba hakukuwa na tatizo. Kuufungua tena ni kazi ya fundi pekee. Fundi akiwa anautengeneza, swichi kuu inafungwa kwa kufuli na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Karatasi ya “usiguse” peke yake haitoshi. Kuna siku mtu ataiondoa.

Sababu za kufunga ni nyingi. Nne ndizo zinazojirudia kwetu.

*Radi.* Ukanda wa Ziwa Victoria hupata radi karibu mwaka mzima, si msimu wa mvua wa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba pekee. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Chini ya sekunde 30, funga gurudumu (lile kubwa linalopandisha watu juu), slaidi, bwawa na kila kilicho wazi au kirefu. Fungua dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Gurudumu linahitaji muda wake. Vyumba 12, kila kimoja sekunde 40 za kushusha, ni dakika 8. Dhoruba inayokwenda kilomita 40 kwa saa imesogea zaidi ya kilomita 5 ndani ya dakika hizo. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi linakuja kutoka ziwani, acha kupandisha watu kabla hujasikia chochote. Unaposhusha, shusha kwa kupokezana pande: chumba kimoja, kisha kile kinachokikabili. Ukimaliza upande mmoja kwanza, uzito unaelemea upande wa pili, mota inalemewa na gurudumu linaweza kujizungusha lenyewe.

Waelekeze watu kwenye jengo lenye kuta na paa, au kwenye magari yao. Mahema na miti si kinga ya radi.

*Upepo.* Huu ndio unaoua kimyakimya, kwa sababu kasri la hewa halionekani kuwa mtambo. Kikomo kinachotambuliwa katika kanuni za Ulaya ni kilomita 38 kwa saa: vumbi limenyanyuka na miti midogo yenye majani inayumba. Tarehe 16 Desemba 2021, katika mji wa Devonport, Australia, upepo ulinyanyua kasri shuleni na watoto 6 wakafa. Pepo zinazotangulia mvua hapa kwetu hufika kwa ghafla, basi usingoje kikomo. Matawi yakianza kutikisika, watoto watoke.

Kasri lifungwe kwenye nanga zisizopungua 6, na kama kiwanda kimeweka pete 8, tumia zote 8. Vigingi viwe vya chuma kizima, urefu wa sentimita 38 na unene wa milimita 16, vichwa vya mviringo, vikipigwa kwa kulala, kichwa kikielekea nje ya kasri. Baada ya mvua udongo hulainika. Vuta kila kamba upya. Mawe na mifuko ya mchanga ya kubahatisha haishiki. Watoto wadogo na wakubwa wasichanganywe.

*Umeme kukatika.* Feni ya kasri ikizima, kasri huanza kulegea pale pale. Mhudumu awe amesimama mlangoni muda wote, awavute watoto mmoja mmoja, wale wa nyuma kwanza, kwa kuwa kuta ndizo zinazoanguka. Kwenye magari ya kugongana, mwendeshaji azime swichi kuu kabla mtu hajakanyaga sakafu. Umeme ukirudi ghafla magari yataondoka yenyewe na watu wako katikati. Sheria hiyo ni ya kila mtambo: umeme ukikatika, swichi irudishwe sifuri. Jenereta iwashwe kila asubuhi kwa dakika 10 ikiwa imebeba mzigo, kwa sababu jenereta inayongurumishwa bila mzigo hukudanganya. Na angalau watu wawili wajue kuzungusha gurudumu kwa mkono.

*Hitilafu.* Nyingi hugunduliwa kabla ya kufungua ukiwa na nidhamu. Kila bolti kubwa ipigwe mstari wa rangi unaopita juu ya nati na chuma. Mstari ukivunjika, nati imelegea. Pini za usalama zihesabiwe, siyo kutazamwa tu. Kila mkanda na kila chuma cha kufungia kivutwe kwa nguvu, kiti baada ya kiti. Zungusha mtambo mtupu mara 3 ukisikiliza beringi, kisha tia sahihi kwenye daftari. Sauti mpya ni sababu ya kutosha ya kutofungua.

Mtambo umesimama, watu 90 wako mstarini

Kwanza funga mkia wa mstari, kabla ya kusema neno. Vinginevyo wengine wanaendelea kujiunga huku unaeleza. Tuma mhudumu mmoja zaidi kwenye kila mchezo wa jirani utakaobaki wazi, kwa kuwa watu hao 90 wataelekea huko. Ndipo utangaze.

Kama fundi ana uhakika wa chini ya dakika 10, waache mstarini na uwape habari kila dakika 5, hata kama habari ni kwamba bado. Kama hana uhakika, vunja mstari. Kumweka mzazi juani kwa “dakika kidogo” isiyoisha ndiko kunakozaa kelele na kusukumana.

Unapovunja mstari, gawa kadi za kurudi: jina la mchezo, tarehe, saa ya kurudi, namba ya mfululizo na mhuri, kwenye karatasi yenye rangi ya siku hiyo ili ya jana isitumike. Kadi zisichukue zaidi ya nusu ya uwezo wa saa. Kwa magari yenye uwezo wa 180, ni kadi 90 kwa saa kwa kiwango cha juu. Mtambo ukisimama saa nane mchana, wape 45 wa kwanza saa tisa hadi saa kumi, na 45 wanaofuata saa kumi hadi saa kumi na moja, ili ubakishe nafasi ya kadi nyingine mtambo mwingine ukikwama. Mwenye kadi na asiye na kadi wapokezane, mmoja mmoja. Kadi zikizidi nusu, mstari wa kawaida hausogei, nao walioko humo wana watoto vilevile.

Mtambo ukifungwa hadi kesho, rudisha fedha au toa tiketi ya siku nyingine. Mteja ndiye achague.

Tangazo liwe fupi: nini, kwa nini, hadi saa ngapi, mwende wapi. Kampala anza na Luganda, kisha Kiswahili na Kiingereza; Arua Kiswahili kinaweza kutangulia. Mfano:

“Bassebo ne bannyabo, wazazi wetu wapendwa. Gurudumu limesimama kwa sababu ya radi. Hakuna aliyeumia. Halitafunguliwa kabla ya saa tisa na nusu. Mlio mstarini, pokeeni kadi ya kurudi kwa dada mwenye kizibao cha kijani. Sasa tuingieni sote kwenye ukumbi wa matofali, taratibu, tukishika mikono ya watoto. Msisimame chini ya miti.”

Maneno “hakuna aliyeumia” yasiachwe kama ni kweli, kwa maana kila mzazi anangoja kusikia hayo kwanza. Usitaje kwenye spika jina wala nguo za mtoto aliyepotea. Mpeleke kituo cha huduma ya kwanza na piga namba iliyo kwenye ukanda wake.

Dalili kwamba watu wamebanana mno

Watu 2 kwa mita ya mraba ni hali nzuri mstarini. Wakifika 4, hakuna anayepita kwa urahisi. Kuanzia 5 au 6, mtu hajiongozi tena, anabebwa. Huhitaji kupima: tazama kama watu wanaweza kugeuka, kama wameinua mikono kifuani, kama vichwa vinayumba pamoja kama mawimbi. Wanaokufa kwenye msongamano wengi hawakanyagwi. Hukosa pumzi wakiwa wamesimama, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka. Itaewon, Seoul, Oktoba 2022, uchochoro wa kama mita 3 uliua watu 159 bila moto wala jengo kuanguka.

Ukiona mawimbi, usiende mbele kuwapigia kelele walioko pale; hawawezi kufanya chochote. Nenda nyuma. Simamisha wanaokuja, wageuze, fungua lango la pembeni, zima muziki na uongee kwa sauti tulivu. Walinzi wasitumie fimbo, kwa sababu kila anayerudi nyuma kwa hofu anamkandamiza mtoto. Piga 999 au 112 mapema, na njia ya gari la wagonjwa iwe imeachwa wazi tangu asubuhi, upana wa mita 4, bila gari la mwenye bustani ndani yake.

Jioni

Bustani ikifungwa saa kumi na mbili na kila kitu kikasimama kwa pamoja, watu wote watafika langoni dakika moja. Punguza kwa zamu: kasri za watoto wadogo saa kumi na moja na robo, treni saa kumi na moja na nusu, gurudumu mwisho. Mstari ufungwe mapema kwa kiasi cha muda wa kungoja. Ukiwa dakika 40, mhudumu mwenye bango la “mwisho wa mstari” asimame nyuma ya mtu wa mwisho saa kumi na moja na dakika ishirini, na asiondoke hapo. Muziki laini na chakula viendelee nusu saa zaidi, ili wasio na haraka wabaki nyuma.

Nje, ongea na wenyekiti wa steji za bodaboda siku moja kabla. Pikipiki zikae mita 30 kutoka langoni, upande mmoja tu, na taa za lango ziwashwe kabla giza halijaingia. Mtu wa kihesabu abaki mpaka walioingia na waliotoka walingane. Tofauti ikibaki, zungukeni vyoo, nyuma ya mahema na ndani ya kila chumba cha gurudumu kabla ya kufunga lango.